Miguu ya Kuazima

Wiltshire, Uingereza
11 Juni 2023

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Mzee Benedikto,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na mwanao Gabrieli, mkewe Anastasia na watoto wote hapo Kinole. Mimi huku sijambo, ila magoti yananikumbusha kwamba miaka arobaini na mbili si ishirini na mbili. Baridi imepungua. Wenyeji wanasema hili ndilo joto lenyewe na wanavua mashati, na mimi bado nimevaa sweta mbili.

Barua yako ya Pasaka nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unaniita nije nitembezwe mipaka ya shamba la bibi kabla miguu yako haijakataa kabisa, maana katika tumbo la marehemu mama nimebaki mimi peke yangu. Nimesikia, Mjomba, usidhani nimeziba masikio. Ila niache kwanza nikusimulie jambo, kisha nitalirudia hilo.

Jumapili iliyopita tuliwapeleka wazee wa kituo chetu matembezi. Mimi nilikuwa nasukuma kiti cha Bi Hilary, yule wa miaka tisini na moja anayeniita binti yake akiwa na furaha na kunisahau jina akiwa na hasira. Tulikwenda Wexbourne. Ni jumba la mabwana wa zamani, lina umri wa miaka mia tatu na kitu, na siku hizi yeyote anaweza kuingia akilipa kiingilio. Kutoka getini hadi mlangoni tulitembea karibu nusu saa, miti mikubwa imepangwa kulia na kushoto kama watu wanaosubiri askofu. Ndani nilihesabu vyumba hadi thelathini nikachoka. Viti vimezungushiwa kamba usije ukakaa. Ukutani wamejaa mababu waliochorwa, wote pua moja.

Nje kuna ziwa. Bi Hilary akaniambia lilichimbwa kwa majembe, na kilima kilicho nyuma yake ni udongo uliotoka humo. Akaniambia pia kwamba palipo na majani yale mazuri palikuwa na kijiji. Bwana wa wakati huo alichungulia dirishani, akaona nyumba za watu zinamharibia mandhari, akaamuru zivunjwe na watu wahamie nyuma ya kilima. Lililobaki ni kanisa tu, peke yake katikati ya kondoo, na makaburi ya watu wa kijiji. Niliyasoma majina. Nikakumbuka kaburi la mama hapo chini ya mikarafuu.

Lakini sitakudanganya Mjomba, nilipapenda. Majani yalikuwa laini, nikavua viatu nikayakanyaga. Bi Hilary akacheka hadi machozi. Kwa saa mbili nilijiona tajiri.

Sasa kuhusu kuja. Karatasi zangu za ukaazi bado ziko ofisini kwao. Nikitoka kabla hazijarudi, siwezi kuingia tena. Nitakuarifu.

Ni mimi mpwa wako,
Josephina


Kinole
16 Julai 2023

Kwa mpwa wangu Josephina,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika salama. Regina, yule mchuuzi wa ndizi zetu, aliitoa kwenye sanduku la posta mjini, ikakaa siku nne mezani kwake pale Mwembesongo, kwa hiyo nimeisoma ikinuka ndizi mbivu. Sisi hapa hatujambo, ukiiondoa miguu yangu. Imevimba na haiingii kiatu. Kanisani napakiwa kwenye pikipiki ya Gabrieli kama mkungu wa ndizi, na nikifika waumini wananipisha njia wakidhani nimekwenda kufa. Mimi niliyewafundisha katekisimu wote hao.

Kwa hiyo umelipa kiingilio ukatembea nusu saa kwenye shamba la watu. Hongera. Hapa kuna shamba linakungoja, halina kiingilio, na mwenye nalo haonekani. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, walikuona wewe na viatu vyako mkononi.

Halafu hukuniambia waliovunjiwa nyumba walisema nini. Ulisoma majina yao, basi? Majani uliyoyafurahia yameota kwenye majiko ya watu, Josephina. Siku ile watu wa idara ya misitu walipokuja kusogeza mawe ya mpaka hapa juu, bibi yako alikaa juu ya jiwe lao kutwa nzima na kikapu chake cha magimbi, hadi wakalirudisha lilipokuwa. Ndiyo maana leo kuna shamba la kukuitia.

Nakukumbusha kwa nini nakuandikia na sikupigii. Simu iliyopo hapa ni ya Gabrieli, na nikiongea naongea mbele yake. Haya si ya kuongea mbele yake. Gabrieli ni mwanangu wa kumzaa, lakini kwa mila yetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwao ni Kisaki kwenye jua na tembo. Shamba hili ni la ukoo wangu mimi na marehemu mama yako, na kutoka kwangu linakwenda kwa mtoto wa dada yangu. Amelilima miaka ishirini na mitano. Analijua kila shina la mdalasini. Anajua pia kwamba siku nikizikwa atafunga mizigo. Hasemi kitu, na kunyamaza kwake kunanichosha kuliko miguu.

Na utaratibu unaujua, ila nikuandikie usije ukasema hukuambiwa. Mrithi anatembea mpaka mwenyewe, peku, mimi mbele yeye nyuma, wazee wawili wa ukoo wakishuhudia. Kila kona anashika sale la zamani, ule mmea wa kuonyesha mpaka, na kumtaja bibi aliyelipanda. Akimaliza anapanda sale lake. Kwisha, shamba ni lake. Mwakani kamati ya ardhi ya kijiji itapita kuandika hati za kimila, na swali lao kwa wazee litakuwa moja tu, nani alitembea.

Njoo kabla ya Krismasi. Nitakuwa bado nasimama, hata kama ni kwa fimbo mbili.

Mjomba wako,
Benedikto


Wiltshire
27 Agosti 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Usikose kuiweka juu ya mto ukilala, na umwambie Anastasia apunguze chumvi. Huku mimi mzima, namshukuru Mungu.

Umenichapa na nimechapika. Ulipoandika habari ya majiko nililia kazini, msimamizi akadhani nimefiwa. Lakini kuja kabla ya Krismasi sitaweza. Nimewauliza wenye ofisi, wamesema labda mwaka, labda na zaidi. Nikiondoka sasa ni kama nimejifukuza mwenyewe, na miaka kumi na moja ya kuwaogesha wazee wa watu inakwenda na maji.

Nilirudi Wexbourne, peke yangu safari hii. Nilitaka kukujibu lile swali lako. Nilimuuliza mama mmoja anayetembeza wageni, naye akasema waliohamishwa hawakuandika popote walichosema. Akanionyesha badala yake ramani kubwa ukutani, ya ngozi, na kila shamba limechorwa, kila ua, kila mti mkubwa. Akasema kwa ramani ile hakuna aliyewahi kugombea mpaka.

Akanisimulia na jingine. Nyumba ile inarithiwa na wanaume tu. Kuna dada mmoja alimtunza kaka yake mgonjwa na mashamba yote kwa miaka thelathini. Kaka alipokufa bila mtoto, akaja binamu wa mbali ambaye hakuwahi kufika pale hata siku moja, akachukua kila kitu. Dada akapewa kibanda cha mlinzi pale getini. Watalii walisikitika sana, na mimi nikasikitika nao. Nikiwa njiani kurudi ndipo lilinichoma. Binamu wa mbali ni mimi, Mjomba. Na yule dada ni Gabrieli.

Sisemi nakataa shamba. Nalitaka, nataka kuzeeka hapo na kulala jirani na mama. Ila sitaki kumfukuza mtu. Nikilipata nitamwachia Gabrieli alime hadi atakapochoka, na hilo unaweza kumwambia.

Kwa hiyo nimewaza hivi. Gabrieli atembee kwa niaba yangu. Wewe mbele, yeye nyuma, wazee wawepo, na mtoto mmojawapo apige video kwa simu kona zote. Nitakuwa na ramani yangu kama ile ya ukutani. Nitawaandikia wazee barua ya kueleza kwamba miguu ni ya Gabrieli lakini mrithi ni mimi. Mkristo kama wewe najua utaona hakuna ubaya, mbona hata ndoa watu huwakilishwa wakati wa posa?

Naomba unijibu upesi. Kama haifai niambie, nitafute njia nyingine.

Mpwa wako akupendaye,
Josephina


Kinole
3 Desemba 2023

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimekuwa nzuri. Samahani kwa kuchelewa kujibu.

Barua yako ya Agosti niliipata mwezi wa tisa. Limefanyika kama ulivyoandika. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Novemba. Wazee walikuja wawili. Mimi sikuweza kutembea hadi mwisho, kwenye kona ya mtoni Gabrieli alinibeba mgongoni tukamaliza. Alishika masale yote na kutaja majina yote. Sikujua kama anayajua, kumbe alikuwa anayasikia tangu mtoto. Watoto wamepiga video, Gabrieli amesema atakutumia.

Anastasia alipika, wazee wakala wakaondoka mchana.

Barua uliyowaandikia wazee niliisoma mwenyewe kwanza. Ni nzuri. Endelea kufanya kazi vizuri na usali.

Mjomba wako,
Benedikto


Wiltshire
14 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Hapa ninapoandika kuna barafu kwenye kioo cha dirisha na mimi nimekaa nalia kwa furaha.

La kwanza, karatasi zimetoka. Zimetoka Mjomba. Walisema mwaka, zimetoka miezi mitano. Tiketi nimeshakata, nafika tarehe sita Julai. La pili, video nimeiona zaidi ya mara ishirini. Nimewaonyesha wenzangu kazini, nimemwonyesha na Bi Hilary. Aliuliza bustani ile nzuri ni ya bwana gani. Nikamwambia ni yangu. Nilisema hivyo hivyo, ni yangu, kwa Kiingereza, na nikaona aibu na raha pamoja.

Nimewaza nijenge chumba kimoja na baraza pale juu ya midalasini, padogo tu. Gabrieli aendelee na nyumba yenu. Watoto wake wawe wangu.

Ila nina maswali mawili. Mwisho wa video Gabrieli anapanda sale, na wazee wanampigia makofi na kumpaka udongo kwenye paji la uso. Ile ni sehemu ya mila? Sikumbuki uliniandikia. Na mbona barua yako ilikuwa fupi namna ile? Hukunitania hata mara moja. Nilizoea kupigwa, sasa nimepewa pole nisiyoijua ya nini. Isije ikawa unaumwa zaidi na unanificha.

Mpwa wako mwenye shamba,
Josephina


Wiltshire
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Nimempigia Regina, anasema ya Januari alikukabidhi mkononi na ukaisoma mbele yake.

Juzi nikampigia Gabrieli. Aliongea vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Akasema karibu dada, ukija tutakupokea, chumba cha wageni kipo. Nikamuuliza kwa nini nilale chumba cha wageni. Akasema nitakupa baba. Nikasikia sauti yako kwa mbali ikisema mwambie nimelala.

Ilikuwa saa nne asubuhi kwenu. Naomba uniandikie.

Josephina, mpwa wako


Kinole
21 Aprili 2024

Kwa Josephina, mtoto wa dada yangu,

Marahaba, kama bado unaniamkia. Miguu imekufa kabisa, naandikia kitandani, kwa hiyo usishangae mwandiko. Wengine wote hapa wazima.

Sikuwa nimelala.

Nimeanza barua hii mara nne na kila mara nimeanza na habari za mvua. Sasa nitasema moja kwa moja, kama nilivyokuwa nawaambia watoto wa kipaimara, dhambi haitajwi kwa kuzunguka.

Katika mila yetu hakuna miguu ya kuazima. Anayetembea ndiye anayepokea. Mrithi akimtuma mtu wa ukoo mwingine apite mpakani badala yake, wazee wanahesabu kwamba amekataa na amempa yule. Udongo ule wa usoni ni wa kumkaribisha mwenye shamba mpya. Wewe uliondoka hapa kabla hujaona mtu akitembezwa, hukuwa na pa kulijua hili. Uliniuliza mimi. Uliandika, kama haifai niambie.

Niliandika kukuambia. Nataka ulijue na hili. Mwezi wa tisa niliandika kurasa mbili, nikakutukana vizuri, nikakuambia fimbo ya mbali haiui nyoka, acha upumbavu, shamba litakusubiri hata mwaka. Nikampa Regina alipokuja kuchukua ndizi. Gari likiwa bado linapakiwa nikamwita, nikamwambia nirudishie, nimesahau neno. Sikuwa nimesahau neno lolote.

Asubuhi ile Gabrieli alikuwa ameniogesha. Ananiogesha kila siku, mwanamume mzima wa miaka arobaini na saba, na huwa anaimba ili mimi nisione aibu. Nilimtazama nikawaza Kisaki. Wajomba zake wameshakufa, shamba lao linakanyagwa na tembo kila mwaka, na watoto wake wanne hawajawahi kufika huko. Nikawaza kwamba barua yako iliyo mfukoni mwangu imeniletea njia, tena kwa mkono wako mwenyewe, na mimi sina nitakachofanya ila kunyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilinyamaza.

Barua yako kwa wazee sikuwasomea. Niliwaambia umeridhia. Mmoja wao aliuliza mara mbili, ameridhia kweli? Nikasema kweli. Mimi katekista.

Gabrieli hakujua siku ile. Alidhani anatembea kwa niaba yako, kama ulivyotaka. Alipopakwa udongo alinitazama, nikatazama pembeni. Amekuwa akijua tangu hapo, na shamba hajalirudisha. Simlaumu. Kamati ya ardhi imepita wiki mbili zilizopita, wazee wakasema aliyetembea ni Gabrieli, na jina limeandikwa.

Nikisema nimekukosea nitakuwa nimesema kidogo. Nimemkosea dada yangu Bernadeta aliyelala hapa hatua hamsini kutoka kitandani kwangu. Kila jioni nikifunguliwa mlango nauona msalaba wake, nami nawaomba waurudishe mlango. Lakini nisikudanganye tena, Josephina. Kama barua ile ingekuwa mkononi mwangu leo, na Gabrieli anaimba, sijui kama ningeituma.

Njoo Julai. Chumba kipo. Ukifika chini kwenye njia panda, piga hodi, maana sasa pana mwenyewe.

Mjomba wako, ukikubali,
Benedikto


Wiltshire
2 Juni 2024

Mzee Benedikto,

Shikamoo. Sikunyimi, mama alinifundisha kwamba mtu hanyimwi salamu.

Barua imefika. Nimekaa nayo wiki tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuwapigia wazee, kumpigia mwenyekiti wa kijiji, kutafuta wakili mjini. Video ninayo, nakala ya barua yangu kwao ninayo, na Regina angesema ukweli. Naamini ningeshinda. Halafu nikamwona Gabrieli anafunga mizigo na watoto wanne, nikaiacha simu.

Tiketi sijairudisha. Nitakuja Julai kulifagia kaburi la mama, nitalala kwa Regina Mwembesongo, na huko Kinole nitapanda na kushuka siku hiyo hiyo. Siku yenyewe sitakuambia. Hodi nitapiga, usiwe na wasiwasi.

Kuna kitu kimoja tu nataka ukijue, halafu sitaandika tena. Nilikuandikia kwamba sitaki kumfukuza mtu. Nilikuandikia kwamba watoto wake wawe wangu. Ungeandika mstari mmoja ukasema, Josephina, mwachie ndugu yako shamba, hana pa kwenda, ningelia siku mbili kisha ningewaandikia wazee mwenyewe. Nisingehitaji kudanganywa. Ulikuwa na mpwa wa namna hiyo na hukumjua.

Ungeniomba tu. Ningempa.

Josephina wa Bernadeta